Mafundo Mekundu ya Odeta

Usingizi wa Odeta haukuwahi kuisha wenyewe. Siku zote ulikatizwa. Usipokatizwa na kilio cha mdogo wake mchanga, ulikatizwa na baba yake akigonga mlango kwa kidole kimoja, taratibu, kama mtu anayeomba radhi.

"Odeta. Mama. Moto unalala."

Heri moto, aliwaza Odeta. Moto una bahati ya kulala.

Aliamka, akajifunga kanga, akatoka nje. Tanuri la kubanikia samaki lilikuwa nyuma ya nyumba, na moshi wake ulikuwa umeshaanza kutafuta macho ya kila mtu. Odeta alisukuma kuni, akazoa majivu, akageuza mapanki juu ya wavu. Mapanki ni yale mabaki ya sangara ambayo viwanda vya mjini vilikuwa havina haja nayo: kichwa, mifupa na mkia, minofu ikiwa imeshakwenda kuliwa na watu wa mbali. Baba aliyaleta kutoka Mwanza kwa baiskeli, wakayabanika, akayapeleka kuuza njia panda ya Usagara.

Kazi hiyo Maige, baba yake Odeta, hakuzaliwa nayo. Alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha nguo mjini. Kisha ikaja ile miaka ya biashara huria, marobota ya mitumba yakajaa masokoni, nguo za kiwanda zikabaki zinatazamana na vumbi, na wafanyakazi wakapunguzwa. Maige alirudi kijijini kwao Nyabusalu, kando ya ziwa, akiwa na sanduku moja na kikohozi. Moshi wa tanuri haukukisaidia kikohozi hicho hata kidogo.

Mama alikuwa amejifungua hivi karibuni na bado hana nguvu. Kwa hiyo kuni za tanuri zilikuwa juu ya kichwa cha Odeta. Alizifuata msituni asubuhi kabla ya shule, akazifuata tena jioni baada ya shule. Darasani alikuwa akipigana na kope zake, na mara nyingi kope zilishinda.

Ndivyo alivyokuwa siku ile Mwalimu Josephat alipoingia darasa la sita na mgeni. Odeta alikuwa ameegemea ukuta, mdomo wazi. Pius, aliyekaa naye dawati moja, alimpiga kiwiko.

"Amka, kuna mgeni! Umelewa usingizi kama komba!"

Darasa likacheka. Mgeni naye akacheka, tena kuliko wote.

"Basi nimefika mahali penyewe," alisema. "Maana mimi nimekuja kuwatafuta hao hao komba."

Jina lake lilikuwa Prudencia, Mhaya wa Bukoba, mtaalamu wa wanyama. Alikuwa mwembamba, na chini ya macho yake kulikuwa na weusi wa mtu anayekesha. Aliwaambia wanafunzi kwamba komba wote wanafanana ukiwatazama haraka: macho makubwa, masikio ya kukunja, mkia mrefu, kutembea usiku na kulala mchana. Lakini kila aina ina mlio wake. Yule komba mkubwa hulia kama mtoto mchanga, na kila mtu kijijini alimjua. Msituni kwao, hata hivyo, Prudencia alikuwa amesikia mara moja tu mlio wa komba mwingine, mdogo kama ngumi, ambaye wataalamu walikuwa wamemtambua juzijuzi tu na walikuwa hawajui anaishi wapi na wapi.

"Analiaje, dada?" aliuliza Pius.

Prudencia alikunja midomo akatoa sauti ya kukwaruza, fupi halafu ndefu, fupi halafu ndefu.

"Hiyo si pampu ya baiskeli?"

"Ndiyo hiyo hiyo. Mkisikia pampu ya baiskeli juu ya mti saa ya magharibi, si mtu anajaza upepo. Ni yeye."

Kisha akatoa shati jekundu la mtumba na mkasi, akalikata vipande vyembamba mbele yao, akampa kila mtoto vichache. Kazi ilikuwa rahisi kuieleza. Jua likianza kuzama, nenda sehemu yako ya msitu, simama, sikiliza. Ukiusikia mlio, funga kitambaa kwenye mti ulikotoka, kisha urudi nyumbani kabla ya giza. Usipousikia, rudisha vitambaa vyako.

"Na mjue hili," aliongeza. "Wenye matanuri wameomba kuni, na msitu wenu ni mdogo. Mwenyekiti wa kijiji amekubali kwamba palipo na vitambaa hapatakatwa. Kwingine watu watakata. Huyu mnyama hana mahali pengine pa kuhamia."

Pius na wenzake walipewa upande wa ziwani, karibu na nyumba. Upande wa mbali, kule Korongoni, ulihitaji mtu anayeifahamu njia. Odeta alinyoosha mkono. Hakujua kwa nini alinyoosha. Labda ni kwa sababu wengine walikuwa wamemcheka.

*

Jioni ya kwanza alikwenda. Aliweka mzigo wa kuni chini, akapanda mawe, akashuka, akapanda tena, mpaka akaliona Korongo na mikuyu yake mizee. Alisimama. Ndege walikuwa wakigombania matawi ya kulala. Walipotulia, ukasikika mlio, fupi halafu ndefu, fupi halafu ndefu, kutoka ng'ambo ya Korongo.

Moyo wa Odeta uliruka kwa furaha. Kisha akautazama mteremko, akautazama na mwinuko wa upande wa pili. Miguu yake ilikuwa kazini tangu alfajiri. Aliukumbuka mzigo aliouacha njiani, akamkumbuka mtoto ambaye angelia usiku kucha, akamkumbuka na baba akigonga mlango. Nitarudi kesho, alijiambia, akageuka.

Kesho yake hakurudi, wala kesho kutwa. Siku ya kukusanya matokeo ilipofika, vitambaa vyake vyote vilikuwa bado mfukoni. Kuvirudisha kungekuwa kusema kwamba Korongoni hakuna kitu, na kungekuwa pia kusema mbele ya darasa kwamba ameshindwa. Odeta alichukua njia fupi. Alipita nyuma ya matanuri, upande wa ziwani, akavifunga kwenye mikuyu ya karibu, kimoja kimoja, mafundo mazuri ya kukaza.

"Odeta," alisema Prudencia alipoviona, "wewe nilikupa Korongoni."

"Kule hakuna kitu, dada. Nimewasikia huku."

"Mbona sisi tulikaa huku kila jioni hatukusikia?" aliuliza Pius.

"Wewe utasikia nini? Unapiga kelele kuliko hao komba."

Watoto wakacheka, na safari hii hawakumcheka Odeta. Prudencia hakucheka. Alikuwa akitetemeka na jasho limemtoka, malaria imeshampanda kichwani. Jioni ile ile alibebwa kwenye gari la samaki kupelekwa hospitali mjini, akaacha neno kwamba akipona atarudi na kinasa sauti.

Huenda mtu mwingine angekwenda kuhakikisha. Lakini Nyabusalu palikuwa na desturi moja ya tangu zamani. Mtu akikusanya kuni akazidiwa, hufunga fundo la majani juu ya lundo lake akaenda zake. Hata akirudi baada ya wiki, atalikuta. Wapo watu waliogombana mpaka hawasalimiani, lakini hawakugusa kuni za mwenzao zenye fundo. Fundo ni neno la mtu. Kwa hiyo Mzee Mayala, mwenyekiti wa kijiji, alipoyaona mafundo mekundu kwenye mikuyu ya ziwani, hakumuuliza mtu swali. Aliitisha mkutano.

"Upande wa ziwani umefungwa," alitangaza. "Wenye matanuri wote watakata kuni Korongoni."

Odeta alikuwa amesimama nyuma ya wanawake, mtoto mgongoni. Ilimchukua muda kidogo kuelewa alichosikia. Alikuwa amedanganya ili asitembee mpaka Korongoni mara moja. Sasa angetembea mpaka Korongoni asubuhi na jioni, kila siku ya Mungu.

*

Alitembea. Kata ya majani aliyowekea mzigo ilimkwaruza utosi, na shingo ikawa kama si yake. Alipofika nyumbani alikula akiwa amefumba macho. Mama alimtazama akasema, "Mwanangu, unakonda," na Odeta akajibu kwamba ni jua tu.

Uchovu wa miguu angeuvumilia. Uliomshinda ni ule mwingine, wa kubeba jambo moyoni na pa kulitua hakuna. Kila shoka lililopiga Korongoni alilisikia kama linamwita kwa jina.

Jumamosi baba yake alikwenda naye. Maige alichagua mkuyu mmoja uliokuwa umeoza ubavuni, akaupiga shoka, akapumzika, akakohoa, akapiga tena. Mti ulipoanguka, kitu kidogo kilitoka kwenye tundu la shina kikarukia kichaka, kikang'ang'ania tawi.

Odeta alisogea. Alikuwa mnyama mdogo kama ngumi, mwenye manyoya ya rangi ya majivu na masikio yanayokunjika na kukunjuka. Macho yake makubwa yalikuwa wazi kwenye jua kali, lakini yalikuwa hayaoni vizuri. Kope zilishuka, zikapanda, zikashuka tena. Kichwa kililala begani, kisha kikashtuka kwa mlio wa shoka la jirani. Mnyama yule alikuwa akitaka kulala, ila pa kulala hapakuwapo tena.

Odeta aliujua uso ule. Ni uso wake mwenyewe wa kila alfajiri. Machozi yalimtoka akashindwa kuyazuia.

"Unalia nini?" aliuliza baba. "Umeumia?"

"Baba, ndiye huyu. Komba wa Dada Prudencia." Alimeza mate. "Wanaishi huku. Mimi nilimsikia siku ya kwanza kabisa. Nilishindwa kushuka Korongo, nikavifunga vitambaa kule ziwani. Nilidanganya."

Maige aliliweka shoka chini, akakaa juu ya shina aliloangusha. Odeta alisubiri kofi. Kofi halikuja. Baba yake alimtazama yule komba kwa muda mrefu, kisha akaitazama mikono yake mwenyewe.

"Chukua shoka," alisema mwishowe. "Tunakwenda kwa mwenyekiti."

*

Walimkuta Mzee Mayala kwenye kivuli cha ofisi ya kijiji, pamoja na wenye matanuri waliokuja kugawana zamu.

"Shikamoo, babu," alisema Odeta.

"Marahaba. Mbona mmeacha kazi mapema?"

Odeta akasema. Alisema yote akiwa ameinamisha kichwa, na sauti yake ikawa inakwenda ikipungua. Alipomaliza, mama mmoja mwenye tanuri akaangua kicheko.

"Jamani, huyu mtoto ana akili! Amechoka kutembea mpaka Korongoni. Sasa komba wamehama, eti! Wamehama ili kuni ziwe karibu na kwao."

Wengine nao wakacheka. Odeta aliinua uso, akageuka huku na huku. Hakuwa amelifikiria hilo. Alikuwa ameogopa kwamba wangemkasirikia. Hakuogopa kabisa kwamba wasingemwamini.

"Nasema kweli!" alilia. "Safari hii nasema kweli!"

"Na safari ile ulisema nini?" aliuliza Mzee Mayala, bila ukali. "Mafundo ni yako. Mimi nishike lipi? La kwenye mti au la mdomoni?"

Odeta alitazama chini, na vidole vyake vya miguu vilikuwa vimejaa vumbi la Korongoni.

Hapo ndipo Maige alipokohoa, akasimama mbele ya binti yake.

"Mwenyekiti, mimi nasema hivi. Mkiufungua upande wa ziwani, mimi sitachukua hata ukuni mmoja huko. Wachukue hawa wenzangu. Mimi na binti yangu tutafuata kuni vichakani, njia ya Usagara."

"Huko ni mbali kuliko Korongoni," alisema yule mama aliyecheka.

"Najua."

"Na kikohozi hicho?"

"Nakijua pia. Ila sitaki mtu aseme mwanangu amesema kweli kwa ajili ya miguu yake."

Kicheko kilikuwa kimeisha. Mzee Mayala alipangusa uso kwa kofia yake, akawaambia wenye matanuri waache mashoka mpaka yule dada atakaporudi. Baadhi walinung'unika, kwa sababu moto haungoji. Lakini walitii.

Prudencia alirudi akiwa amepungua, nguo zinamning'inia, kinasa sauti begani. Habari alizipata kutoka kwa Odeta mwenyewe, mlangoni mwa ofisi. Hakumgombeza. Alisema tu, "Twende tukasikilize."

Jioni ile walikwenda wengi: mwenyekiti, wenye matanuri, na Pius aliyekatazwa akaja vilevile. Odeta alitangulia. Safari hii alishuka Korongo mpaka chini, akapanda upande wa pili kwa mikono na magoti, akawaonyesha mahali pa kusimama. Ndege waligombana, wakatulia. Muda ulipita. Mtu mmoja alianza kuguna. Odeta aliomba kimoyomoyo kama hajawahi kuomba.

Fupi halafu ndefu. Fupi halafu ndefu. Mmoja akaanza, mwingine akamjibu kutoka juu yao kabisa.

"Pampu ya baiskeli," alinong'ona Pius.

Prudencia alibonyeza kinasa sauti. Yule mama aliyecheka alimshika Odeta begani, akauacha mkono pale pale mpaka milio ilipokoma.

Kesho yake Odeta alikwenda ziwani mbele ya watu wote akayafungua mafundo yake. Alikuwa ameyakaza kweli, mengine ilibidi ayang'ate kwa meno. Halafu akavipeleka vitambaa Korongoni akavifunga vinapostahili. Upande wa ziwani ulifunguliwa kwa masharti: matawi makavu na miti iliyokwisha kufa, basi. Prudencia aliwaonyesha kwamba mapanki mengine yangeweza kuanikwa juani juu ya vichanja, kuni zikapungua. Miti iliyokuwa imeangushwa Korongoni haikusimama tena. Kila mtu aliiona, na Odeta aliiona zaidi.

*

Maige alitimiza neno lake. Asubuhi ya Jumamosi yeye na Odeta waliifuata njia ya Usagara, wakakata vichaka mpaka mizigo ikatimia. Wakati wa kurudi jua lilikuwa limekolea.

"Baba," aliuliza Odeta, "umenikasirikia?"

"Nilikasirika. Tena sana." Alitembea hatua kadhaa. "Halafu nikajiuliza, huyu mtoto mbona hakuniambia kwamba mwili umeshindwa? Nikaona kosa lingine ni langu. Nilikuwa nakugongea mlango kila alfajiri, sikuwahi kukuuliza umelalaje."

Odeta aliuweka mzigo sawa kichwani.

"Sikiliza, mama. Kuchoka si kosa. Hapa kijijini wote tumechoka. Mwalimu wako amechoka, yule dada amechoka, mimi ndiyo usiseme. Ungerudisha vile vitambaa ukasema, 'Nimewasikia, ila miguu imenishinda,' angekwenda mwingine, na ile mikuyu ingekuwa bado imesimama. Watu hawakuuamini mti, wala hawakuiamini nguo nyekundu. Walikuamini wewe uliyefunga. Ukichoka, sema umechoka. Uongo haupunguzi mzigo. Unaupeleka kichwani kwa mwingine, na siku moja unakurudia ukiwa mzito zaidi. Umenielewa?"

"Nimeelewa, baba."

Wakaendelea. Njia ilikuwa imebaki ndefu, na ziwa lilikuwa bado halijaonekana. Odeta alihesabu moyoni mpaka kwenye jiwe lililokuwa mbele, akalipita, akajilazimisha mpaka kwenye lingine. Shingo ilikuwa ikiwaka moto. Alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena.

"Baba."

"Naam."

"Nimechoka."

Maige alisimama. Aliutua mzigo wake chini, akamsaidia Odeta kuutua wake kutoka kichwani. Kisha akaufungua, akatoa nusu ya kuni, akazilundika kando ya njia. Alichuma majani marefu, akamkabidhi binti yake.

"Funga," alisema. "Tutazifuata kesho."

Odeta akafunga fundo.